Nepi Kavu za Maige

Mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na machimbo ya dhahabu, upande wa Geita, na mimi nilikuwa mkuu wa nepi. Kila siku nikitoka shuleni nilivua sare, nikamchukua mdogo wangu Maige kwa jirani yetu Mama Boaz, kisha nikakaa na beseni langu nyuma ya nyumba. Nilifua, nikasuuza, nikaanika. Kabla sijamaliza, Maige alikuwa ameshalowesha nyingine.

"Wewe bwana, umefungwa bomba?" nilikuwa namwambia. Yeye alinicheka kwa ufizi wake mtupu, na hasira zangu zikaisha hapo hapo.

Leo tunaishi Kahama, baba anauza mchele, na Maige mwenyewe anakwenda shule ya awali akiwa na begi kubwa kuliko mgongo wake. Lakini naikumbuka sana ile nyumba yetu ya mabati. Nakumbuka karasha zikisaga mawe mchana kutwa, harufu ya mihogo ya kukaanga, na wanaapolo, ndivyo tulivyowaita wachimbaji, wakipita na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Palikuwa na joto, palikuwa na kelele, na bado ningerudi hata kesho kama ingewezekana.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano na Maige alikuwa na miezi mitatu. Mvua zilichelewa. Ilipofika Oktoba jua liliwaka mpaka mabati yakawa yanalia juu ya vichwa vyetu, na hata kuku waliacha kutembea mchana. Maji tulinunua kwa madumu kutoka kwa mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na tuliyatumia kwa ubahili mkubwa.

Baba, ambaye jina lake ni Makoye, alikuwa na bahati siku hizo. Duara lake, yaani shimo alilochimba na wenzake, lilikuwa limeanza kutoa dhahabu kidogo. Jioni moja aliingia amebeba katoni ya maji ya chupa begani, akaiweka chini kwa madaha.

"Haya ni ya Maige," alisema. "Joto hili litamuua mwanangu kwa kiu. Na hatakunywa maji ya madumu, atakunywa haya yaliyochujwa."

Mama alifurahi. Mimi pia nilifurahi, maana katika mtaa wetu hapakuwa na mtoto mwingine aliyenyweshwa maji ya dukani kwa kijiko. Nilijisikia dada wa mtoto wa tajiri.

Hadi wakati huo, kila saa sita mchana mama alikuwa anakimbia kwa Mama Boaz kumnyonyesha Maige, kisha anarudi kwenye sufuria zake. Mama Boaz alipomwona siku moja anaingia ametota jasho, alimshika mkono. Mama Boaz alitupenda sana, na alilosema alilisema kwa upendo.

"Mayu, umetoka motoni na juani, halafu unampa mtoto ziwa? Maziwa hayo yamepata moto, yatamwumiza tumbo. Mpe maji yake ya chupa. Utamnyonyesha jioni, ukishapoa."

Sisi Wasukuma humwita mwanamke mayu kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake, na mama hakuweza kumbishia mtu aliyelea watoto wengi kuliko yeye. Akaacha kuja mchana. Maige alinyonya alfajiri, kisha akasubiri hadi jua lizame. Katikati tulimpa maji, vijiko vichache kila alipolia.

Kazi yangu ikawa nyepesi ghafla. Nepi kwenye kamba zilipungua, na zile chache zilizolowa zilikuwa na mkojo wa njano iliyokolea. Sikujiuliza kitu. Nilipata nafasi ya kwenda kuruka kamba na wenzangu, na nilimsifu Maige kwa kila niliyekutana naye.

Jumamosi moja nilimbeba mgongoni hadi kibandani. Wanaapolo walikuwa wamejaa kwenye mabenchi wakisubiri ugali na sangara, na mama alikuwa anasonga, jasho likimtiririka.

"Mama!" nilisema kwa sauti ili wote wanisikie. "Maige ana adabu siku hizi. Tangu asubuhi nepi yake kavu kabisa!"

Wanaapolo walicheka. Mmoja akasema, "Huyo atakuwa askari!" Mama hakucheka. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akanijia, akamshusha Maige mgongoni mwangu.

Alimwita jina, lakini Maige hakufungua macho. Midomo yake ilikuwa mikavu. Mama alipitisha vidole juu ya utosi, na nikaona uso wake unabadilika. Pale palipokuwa panadundadunda palikuwa pamebonyea.

"Mungu wangu," alisema mama, "mwanangu ananitoka."

Mchimbaji mmoja, Masalu, aliacha sahani yake na kuwasha pikipiki. Tulipanda sote, mama akiwa amemkumbatia Maige kifuani, mimi nyuma nikiwa nimeshika khanga yake. Nilikuwa naogopa mno hata nikashindwa kulia.

Kwenye zahanati alitupokea muuguzi aliyeitwa Esta. Alimlaza Maige mezani, akamfungua blanketi tulilomfunga, akamtazama mdomo na macho.

"Amekojoa mara ngapi leo?" aliuliza.

Mama alinigeukia. "Nyamizi, mwambie sista." Nikasema yote kama yalivyokuwa: nepi za leo, nepi za jana, rangi ya mkojo, vijiko vya maji, na mchana mzima bila ziwa. Kila neno lilikuwa chungu kulitoa, kwa sababu nilianza kuelewa kwamba nilichokuwa nakishangilia kilikuwa ugonjwa.

"Vizuri, Nyamizi," alisema muuguzi Esta. "Umenisaidia kujua pa kuanzia. Mama, kaa hapa, tujaribu kumnyonyesha."

"Lakini sista, nimetoka jikoni sasa hivi. Maziwa yamechemka."

"Mayu, wewe si sufuria," alijibu muuguzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Maziwa hayachemki kifuani, hata ukishinda motoni. Mpe."

Maige hakuwa na nguvu ya kuvuta. Muuguzi akamwonyesha mama jinsi ya kukamua maziwa kwenye kikombe kisafi, wakampa kidogo kidogo, huku daktari akija kumpima kila mara. Tulimtazama kooni. Akameza. Baada ya muda akameza tena, kisha akaanza kulitafuta ziwa mwenyewe, na mama akatoa machozi bila kujificha.

Baba alifika mbio kutoka machimboni, ana matope hadi magotini, chupa ya maji mkononi. "Sista, nilimnunulia maji safi, ya bei! Kosa liko wapi?"

"Maji si machafu, baba Nyamizi," alisema muuguzi kwa upole. "Tumbo lake ndilo dogo. Ukilijaza maji, maziwa yanakosa nafasi, na maji hayana chakula. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hapewi maji, hata jua likiwaka namna gani. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Joto likizidi, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mchana na usiku, akae kivulini na nguo nyepesi. Maji haya mpe mkeo, yeye ndiye anayepaswa kunywa sana."

Baba aliitazama ile chupa, kisha akaifungua na kumpa mama.

Walilazwa pale hadi kesho yake. Asubuhi nilikwenda na baba, naye alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani kwa sababu ilikuwa Jumapili. Maige alikuwa macho, anarusha miguu. Baba alimpakata, na mara doa kubwa likaanza kutanda kwenye lile shati, likateremka hadi suruali. Mama alinyoosha mikono kumchukua.

"Mwache!" alisema baba, amesimama wima, machozi na kicheko vimechanganyika usoni. "Mwache mwanangu amalize!"

Tangu siku hiyo Maige alishinda na mama kibandani, chini ya kivuli, nyuma ya pazia la khanga. Mama Boaz alipoelezwa alisikitika sana, na ndiye aliyeshona pazia lile. Wanaapolo walipopiga kelele wakitaka ugali, mama aliwajibu kutoka ndani, "Subirini, kuna mteja alitangulia!" Nao walisubiri, watu wazima wale wenye njaa, wakinong'ona ili wasimshtue mtoto. Nawakumbuka wote, na sijui leo wako wapi.

Siku moja mama alinikuta nafua nepi na kunung'unika. Alichuchumaa karibu yangu, akashika moja iliyolowa.

"Nyamizi mwanangu," alisema, "mtoto mchanga hawezi kusema ana kiu. Anasema kwa hizi. Ukiona jambo limebadilika kwake, usilifurahie kwa kuwa limekupunguzia kazi. Njoo uniambie haraka, kama ulivyosema ukweli siku ile."

Kisha akavuta beseni katikati yetu, tukafua pamoja.