Nyumba ya Runzewe Kwenye Theluji

Mkanda wa karasha, mrefu, mweusi, unaonuka grisi, ulifagia meza ya Limi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kadi za Krismasi alizokuwa ameanika wino ukauke zikabaki na mstari mnene wa oili.

"Wewe! Huna macho?"

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba na stendi ya Geita ilikuwa imefurika. Wachimbaji walitafuta nauli za kurudi makwao, bodaboda walipigiana honi, mahindi yalichomwa kila kona. Mwenye mkanda alikuwa Pantaleo, fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ovaroli lake alikuwa amelifungua mpaka kiunoni, na fulana yake ilikuwa nyeupe zamani. Aligeuka, akazitazama kadi kabla ya kumtazama mwenyewe.

"Hii nini? Ng'ombe kwenye barafu?"

"Theluji."

"Geita hii? Unaitwa nani, dada?"

"Limi."

Pantaleo akaangua kicheko. "Limi! Yaani jua, halafu unauza theluji! Si utaiyeyusha?"

"Cheka ukimaliza ukae hapo, utengeneze ulizoharibu."

Mwaisha, mwenye duka la vitenge aliyempa Limi nafasi ya meza barazani pake, alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Alidhani kijana atakataa. Pantaleo akautua mkanda, akakaa.

Limi hakumwonea huruma. Alimpa kipande cha godoro, akamwonyesha kuchovya wino wa bluu na kuuzungusha polepole juu ya karatasi, uwe mzito pembeni na hafifu katikati. Katikati alikuwa ameweka duara la karatasi. Alipoliondoa, mwezi mweupe ukabaki angani. Kisha akagonga mihuri yake, aliyoichonga mwenyewe kwenye soli za kandambili: msonobari, ng'ombe watatu, nyumba ya msonge. Mwisho akachovya mswaki kwenye rangi nyeupe, akaupitisha kidole, theluji ikanyesha.

"Umebonyeza sana," alimwambia Pantaleo. "Hilo si anga, ni jeraha."

"Na wewe una mdomo mbaya."

"Ndiyo maana niko peke yangu mezani."

Lakini Jumatatu Pantaleo alirudi bila kuitwa, amenawa, amevaa shati la mistari lenye mikunjo ya pasi. Akarudi tena, na tena. Waligombana juu ya bluu, juu ya chai, juu ya nani anaongea sana. Siku aliyouliza kuhusu ule msonge, Limi aliuweka muhuri wake chini.

"Ni nyumba ya baba, Runzewe. Alipofariki ikaanguka. Sina hata picha yake moja. Nimeichonga kwa kumbukumbu."

Pantaleo hakutania. Jioni hiyo alimpigia simu.

"Jua langu, umekula?"

"Nani jua lako? Kata simu, unamaliza vocha." Lakini hakukata yeye.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Limi alikwenda sokoni kununua karatasi, akasimama ghafla kwenye duka la vinywaji. Ukutani palikuwa pamebandikwa kadi inayong'aa, ya mashine. Mwezi wake. Ng'ombe wake. Msonge wa baba yake chini ya theluji, na juu ya paa, kwa herufi za njano: LETE DHAHABU YAKO, TUNANUNUA KWA BEI NZURI. Kadi hiyo ilikuwa pia saluni, na kwenye kioo cha bajaji, na nyingine imekanyagwa matopeni.

Pantaleo alimkuta mezani, macho makavu.

"Umeiuza nyumba ya baba yangu."

"Limi, sikuuza! Tajiri ninayemtengenezea karasha aliniahidi atakuagiza kadi nyingi za mkono. Nikampa moja aione. Nilitaka nikushtukize. Kumbe kaipeleka kwa mchapaji."

"Uliniuliza?"

"Nilitaka kukusaidia..."

"Nimesema, uliniuliza?"

Limi akakipangusa kiti alichokuwa akikalia fundi huyo, akakirudisha ndani kwa Mwaisha.

"Ukipita hapa tena, pita ng'ambo ya barabara."

Pantaleo alipiga simu, zikakatwa. Alituma salamu kwa Mwaisha, zikarudi. "Mwanangu, hata mimi ananinunia," Mwaisha alimwambia. "Kisa nilikusifia."

Ndipo Pantaleo alipokwenda kwa tajiri wake kudai kadi zilizobaki. Tajiri alicheka, akamwambia fundi afunge mdomo kwa nati. Wakarushiana maneno, kisha ngumi. Pantaleo alitoka hana kazi, mdomo umepasuka, amekumbatia boksi mbili za kadi. Alizibwaga mbele ya meza ya Limi, watu wakageuka.

"Nani kakutuma?" Limi aliuliza.

"Hakuna."

"Kwa hiyo tena hukuniuliza."

"Tena sikukuuliza." Alijifuta damu kwa mkono wa shati. "Limi, mimi ni mjinga. Lakini ni mjinga anayetaka kukuoa."

Wapiga debe wakashangilia. Limi alichukua kadi moja, akaichana vipande vinne, akamtupia kifuani.

"Usinioe mbele ya wapiga debe! Unataka kusamehewa? Nenda Runzewe, kwa mama. Usianze na habari ya ndoa. Mwambie ulichofanyia nyumba ya mumewe. Yote."

Kesho yake jioni simu ililia. Limi aliipokea haraka kuliko alivyotaka.

"Mama yako amenifukuza."

"Kwa kitu gani? Kwa fimbo ya ng'ombe?"

"Kwa ufagio."

"Ufagio? Basi hajakufukuza. Utalala wapi?"

"Kwa mchungaji."

"Asubuhi rudi. Umsalimie umeinama, na usijitetee."

Siku iliyofuata simu haikulia hadi mchana. Limi aliharibu kadi mbili. Mwezi mmoja ulitoka na pembe. Mwaisha alijifanya anakunja vitenge ambavyo vilishakunjwa.

"Limi."

"Sema."

"Nimesema yote, kama ulivyoagiza. Mama yako amenipeleka nyuma ya migomba, akanionyesha mahali nyumba ilipokuwa. Tumesimama pale muda mrefu. Amelia, Limi. Nami nimelia. Kisha amenipa ugali na maziwa ya mgando."

Limi aliiziba simu kwa kiganja, akavuta pumzi. "Halafu?"

"Nikamwambia nakupenda."

"Nilikukataza!"

"Ulinikataza kuanza nalo. Sikuanza nalo."

"Mama akasemaje?"

"Kasema hawezi kumjibu mtu aliyekuja peke yake kama mwizi wa kuku. Kama nina wazee, wajulikane."

Mwaisha alikuwa ameacha kukunja. Limi alitazama vidole vyake vya bluu, akavikunja.

"Una wazee?"

"Ninao. Baba yupo Buseresere, na baba wadogo wawili."

"Sasa mbona bado unaongea na simu?" alisema. "Nenda kawalete, Pantaleo. Na uwaulize kwanza kama wanataka kuja."