Ng'ombe wa Saa Moja Asubuhi

Kila siku kabla ya kengele ya shule, Abdia alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kung'oa miiba ya mathenge kwenye magurudumu ya baiskeli, maana mti ule umeota kila mahali na mwiba wake haubagui tairi na kisigino. Ya pili ni kufunga mtungi wa maziwa nyuma ya kiti na kuupeleka kwenye hoteli ya chai mjini Garsen. Ndipo aingie Gredi ya Sita, vumbi mpaka kwenye kope.

"Huyu alitakiwa azaliwe na magurudumu," mama yake, Mumina, alizoea kusema. "Miguu amepewa ya akiba tu."

Kwa hiyo Mwalimu Valary alipomleta mgeni kwenye chama cha baiskeli cha shule, Abdia aliketi mbele kabisa. Mgeni aliitwa Diba, kijana kutoka Marsabit. Kazi yake ilikuwa kutafuta njia za udongo na kokoto zisizofikiwa na lami, na kuzichora kwenye ramani ili waendesha baiskeli wajue pa kupita.

"Kwetu kuna mlima uliotema moto zamani za kale," Diba alisimulia. "Mawe ni meusi kama tako la sufuria. Juu kuna msitu na ukungu, na pale moto ulipotokea pamebaki mashimo ya kumeza kijiji kizima. Ukipanda huko kwa baiskeli, mapafu yanaomba talaka! Sisi adui yetu ni mlima. Ninyi wa huku tambarare, adui yenu nani?"

"Matope!"

"Mathenge!"

"Kiboko," alisema Rashad kutoka nyuma, "na mwalimu wa hesabu!"

Darasa zima likaangua kicheko, hata Mwalimu Valary akaficha uso kwa daftari.

Diba alieleza shida yake. Mwezi uliofuata waendeshaji ishirini wangetoka Marsabit kuja kuona msitu wa kando ya mto Tana. Njia ingegawanywa vipande, na kila kipande kikaguliwe na wanafunzi wawili. Watakaokagua vizuri ndio watakaowaongoza wageni siku hiyo.

Kuongoza wageni! Abdia hakusikia tena lolote. Tayari alijiona yuko mbele, baiskeli ishirini zinamfuata.

Yeye na Rashad walipewa kipande cha malka. Malka ni njia ya mifugo, inayopita katikati ya mashamba mpaka mtoni. Pembeni mwa malka ile kulikuwa na mahindi ya Mzee Jilo, na mwangalizi wa malka yenyewe alikuwa Mzee Adano, mfugaji wa jamii ya kina Abdia.

"Sikilizeni," Diba aliwaonya. "Msinipimie umbali tu. Ombeni ruhusa kwa Mzee Adano. Usipoomba ruhusa, hujapita, umeiba njia."

Wakagawana. Abdia angepima njia. Rashad, ambaye ami yake alikuwa na duka na alipeleka bidhaa upande ule, angemwona mzee siku ya Jumamosi.

Jumatatu Rashad alikuja na ripoti imeshaandikwa. "Tia jina lako hapa chini ya langu."

"Mzee alikubali?"

"Alikubali hata sijamaliza salamu! Kwani huniamini?"

Kengele ilikuwa inalia. Abdia akashika kalamu, akatia jina, akakimbilia mstarini.

Siku ya kujaribu njia ikafika. Diba, Mwalimu Valary na wanachama wote walitoka Garsen kwa shangwe, kengele zikilia, mashati mekundu na ya manjano yakipepea. Saa sita za mchana waliingia malkani, wakakata kona, na hapo mbele wakakuta kundi zima la ng'ombe wa Mzee Adano likinywa maji mtoni.

Ng'ombe walishtuka. Dume moja liliruka, wengine wakalifuata, wakauvunja uzio na kutawanyika ndani ya mahindi ya Mzee Jilo. Kufumba na kufumbua, mistari mitatu ilikuwa imelala chini. Wachungaji walikimbia huku na huko kuwarudisha.

Mzee Jilo alitoka shambani mbio, jembe bado mkononi. "Adano! Tulikubaliana! Ng'ombe hawatoki malkani!"

"Si ng'ombe wangu, Jilo, ni hawa kasuku wenye magurudumu!" Mzee Adano alifoka. "Miaka mingapi mimi na huyu jirani tumekaa bila ugomvi? Leo mnataka kutugombanisha! Nani aliwapa njia?"

"Ruhusa ilitolewa, mzee wangu," Mwalimu Valary alisema.

"Na nani? Mimi sikuulizwa na mtu!"

Macho yote yakawageukia Abdia na Rashad.

"Abdia ndiye aliyekwenda kwa mzee," Rashad akasema haraka. "Ni watu wa kwao. Mimi nilipima njia tu, nikaandika alichoniambia."

Abdia alifungua mdomo. Hasira ikatangulia neno. Alitikisa kichwa, machozi yakamwagika, na watu wakadhani machozi yale ni ya kukiri.

"Mtoto wa kwetu kabisa!" Mzee Adano alisema. "Mgeni angekosea ningesema hajui."

Mwalimu Valary naye hakuuliza la pili. "Abdia, hutaongoza. Rashad ataongoza peke yake."

Nyumbani Abdia hakugusa chakula. Alimweleza mama yake yote, kisha akapiga ngumi mkeka. "Nimepima njia mara mbili, Mama! Jua lote lile! Halafu mwongo ni mimi?"

Kesho yake Mumina alipeleka maziwa hotelini mwenyewe, kisha akaenda shuleni moja kwa moja, mtungi mtupu ungali mkononi.

"Mwalimu, shikamoo haigombi, lakini mimi nimekuja kugomba," alisema akiingia ofisini. Rashad na Abdia waliitwa. "Mwanangu mmemvika uongo mbele ya wazee wake. Kuna karatasi, nasikia. Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Mwalimu Valary akaifungua ripoti. "'Jumamosi saa moja asubuhi tulimkuta Mzee Adano mtoni akinywesha ng'ombe wake. Akatuambia tupite bila wasiwasi.'"

"Rudia hapo."

"'Saa moja asubuhi... akinywesha ng'ombe.'"

Mumina akaweka mtungi chini kwa kishindo. "Saa moja! Ng'ombe gani hao? Saa moja ng'ombe wanakamuliwa, ndama wanalia, hata boma hawajatoka! Kisha wanakwenda malishoni. Mpaka jua liwe la utosi ndipo wapelekwe maji. Mwalimu, aliyesema maneno haya hajawahi kukanyaga boma. Mwanangu huamka na ng'ombe kila siku. Angetaka kudanganya, angedanganya vizuri zaidi!"

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, alishindwa kuzuia kicheko. Mwalimu Valary hakucheka. Alimtazama Rashad.

"Rashad. Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

Rashad alitazama vidole vya miguu yake. "Nililala, Mwalimu. Nilipoamka gari la ami limeshaondoka. Nikaenda kucheza mpira. Nilifikiri njia ni njia tu. Nani atakasirika kwa kupitiwa?"

"Mzee Jilo amekasirika! Mzee Adano amekasirika! Na mimi unaniona?" Mumina alisema. Kisha, kabla Abdia hajaanza kufurahi, akamgeukia. "Na wewe! Mimi sisomi, nimesikia mara moja nikaujua uongo. Wewe unayesoma, ulitiaje jina lako hapo?"

Abdia akainamisha kichwa. "Sikusoma, Mama. Kengele ilikuwa inalia."

"Kengele!" Mumina alifyonya. "Umekasirika umesingiziwa, na ni haki yako. Lakini uongo huo uliupigia muhuri mwenyewe."

Alasiri hiyo watoto wawili, Mwalimu Valary na Diba walikwenda malkani. Mzee Adano aliwaacha wasimame mpaka walipomaliza kumwomba radhi yeye na jirani yake. Rashad alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba alidanganya na kumsingizia mwenzake. Mzee Jilo akawaonyesha mahindi yaliyolala. Ikakubaliwa kwamba Rashad atafanya kazi ya kupanda upya na kuujenga uzio Jumamosi tatu. Abdia akasema atakuja moja, kisha akamwomba Mzee Adano ruhusa ya kupita.

"Sasa mmeuliza, nami nitajibu," alisema Mzee Adano. "Baada ya alasiri mifugo imekwishaondoka mtoni. Piteni saa hiyo, mkiwa kimya, bila kengele."

Diba akaandika saa ile kwenye ramani yake, kubwa kabisa.

Wageni wa Marsabit walipofika, shule nzima ilikusanyika uwanjani. Mwalimu Valary akasimama mbele yao.

"Nilimhukumu Abdia na karatasi iko mkononi mwangu, sijaichunguza," alisema. "Abdia, nakuomba radhi, na nimetaka wote wasikie, kwa sababu nilikuaibisha mbele za watu. Kila mmoja wenu asikie: usiseme umefika mahali ambapo hukufika, maana kuna watu watapita wakikuamini. Wala usitie jina lako kwenye neno usilolisoma. Siku neno hilo likileta balaa, litakutafuta wewe. Na ukimtuhumu mtu, msikilize kwanza. Hilo ni letu sisi wakubwa."

Mwalimu Valary akashuka na kumshika Abdia bega.

"Haya, kiongozi. Wageni wanakungoja."

Abdia akapanda baiskeli, akatia mguu kwenye pedali, na baiskeli ishirini zikageuka kumfuata.