Maneno Aliyoyaruka Nabalayo

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua la saa nne asubuhi, na Nabalayo alikuwa kwenye steshenari yake ya Wandegeya akiwachapia wanafunzi kazi zao. Haya ameyakiri mwenyewe mbele ya kikundi chetu cha maombi, wala hakuna aliyemlazimisha.

Kazi ya siku hiyo aliileta mwanafunzi mmoja, Odyek: ngano kumi na tisa za Sungura, yule mjanja anayewalaghai wakubwa, alizozikusanya kwa wazee wa kwao. Kila ngano ilifungwa kwa maneno yaleyale: Umekula, umecheka, sasa rudi kwenu.

"Hayo usiyaruke, nyabo," Odyek alimwambia, akimwita bibi kwa lugha ya pale. "Wazee walikataa kabisa kusimulia mchana. Na hata usiku, hawakuinuka kabla ya kuyasema."

"Kwani atakuja kuning'ata?" Nabalayo akamtania.

"Sungura hang'ati, nyabo. Anaomba tu, nawe unampa."

Odyek akaenda zake. Nabalayo akaanza kuchapa, akisoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yake. Ngano ya kwanza ilihusu jinsi Sungura alivyoiga sauti ya mtoto wa Chui hadi mama mtu akafungua mlango. Nabalayo akacheka peke yake. Lakini kufika mwisho akasita. Yeye aliyeokoka, aanze kumwamrisha mnyama wa mizimu? Akayaruka yale maneno. Akayaruka mara zote kumi na tisa, na moyoni akajisifu kwamba Mungu amemwona. Kiburi hicho ndicho anachokililia mpaka leo.

Saa saba akampigia simu mama yake, Mama Nerima, aliyekuja kutoka Bungoma kutibiwa macho na aliyekuwa peke yake nyumbani kwa bintiye, Bukoto.

"Mama, umetia dawa?"

Mama akanong'ona, "Wewe nani?"

"Ni mimi, Nabalayo."

"Nabalayo yuko hapa. Ananisuka nywele."

Nyuma ya mama, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha Nabalayo.

Alirukia bodaboda. Njiani akajaribu kuyasema yale maneno ya kufungia. Hakuyakumbuka. Hata neno moja.

Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Mama, nifungulie!"

"Mwanangu aliniambia utakuja," mama akajibu taratibu. "Alisema utakuja na sauti yake. Utalia. Nisifungue."

"Mama, kwa jina la Yesu!"

"Hata hilo alisema utalitaja."

Augustin, fundi wa vyuma wa jirani, alifika na nyundo. Akatega sikio mlangoni. Akarudi hatua moja.

"Nyabo," akanong'ona, "mbona nasikia watu wawili?"

Komeo likavunjika. Mama alikuwa peke yake kitini. Dirisha lina nondo. Hakuwa na jeraha. Ila kichwa chake kizima kilikuwa kimesukwa mistari myembamba kama uzi, kazi ya siku mbili.

Nabalayo akapiga magoti. Akamtajia mambo ambayo mtoto wake tu angeyajua: wimbo wa kumlaza, kovu la chai ya moto, jina la ndugu yake aliyezikwa akiwa kichanga. Mama akaitikia kwa kichwa kila moja.

"Umejifunza vizuri," akasema.

Odyek aliyarudisha maneno yote kwenye kurasa, akayasoma mwenyewe sebuleni mbele ya Mama Nerima, usiku, kama wazee walivyotaka. Hayakufaa kitu. Nabalayo anamlisha mama yake, anamwogesha, anamtia dawa, na mama humshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru muuguzi wa zamu.

Jumapili iliyopita tulikwenda kumwombea. Mama Nerima akaomba yeye mwenyewe kwanza, mikono imekunjwa, macho mabovu yamefumbwa.

"Bwana, mrudishe Nabalayo wangu. Na huyu aliyekaa mahali pake, mtoe nyumbani humu."

Nabalayo, akiwa amepiga magoti kando yake, akaitikia Amina.

Sisi wengine, Mungu atusamehe, hatukuitikia; tulikuwa tukimtazama Nabalayo.