Kidoti na Mkono wa Baba

Kila jioni fundi wa mabango alinawa rangi mikononi, kisha akaketi mezani na binti yake, Kidoti. Mtoto huyo alikuwa darasa la pili na alipenda sana kuchora.

"Huyu ng'ombe au meza?" baba alimtania. "Lete nikurekebishie."

Alifuta, akachora upya. Ng'ombe akapendeza kweli. Kidoti akaweka penseli chini.

Siku moja mwalimu wa sanaa wa Kidoti alipita kwenye karakana ya fundi akitoka shuleni.

"Karibu, mwalimu. Binti yangu anaendeleaje?"

"Hajambo. Ila wenzake wakichora, yeye anakaa tu na karatasi nyeupe. Nikimuuliza, anasema, 'Mimi sijui. Baba ndiye anajua.'"

Fundi alisahau brashi mkononi. Brashi ikamdondoshea rangi kwenye kiatu.

"Kumbe ni mimi! Nilidhani namsaidia."

"Unampenda, fundi. Hilo linaonekana," mwalimu alisema kwa upole. "Lakini mtoto hujifunza kwa mkono wake mwenyewe. Usimchoree, usimfutie. Mwambie, 'Nisimulie picha yako,' kisha usikilize. Mpe pia shida ndogo ya nyumbani, abuni kitu cha kuitatua. Kikiharibika, ajaribu tena. Hapo ndipo anapofikiri."

"Na mimi nifanye nini?"

"Kalia mikono yako!"

Wakacheka wote wawili.

Jioni ile baba aliweka mezani vipande vya katoni, gundi na kamba.

"Kidoti, miwani ya bibi yako inaanguka kutoka kitandani kila mara. Tuiweke wapi?"

"Tengeneza wewe, baba. Mimi sijui."

Roho ilimuuma baba. Akauliza polepole, "Bibi analala upande gani?"

"Wa dirishani. Na mkono wake haufiki juu, bega linamuuma."

"Mimi hata sikulijua hilo, mwanangu."

Kidoti alimtazama. Kisha akavuta karatasi, akachora mfuko wa kuning'inia ubavuni mwa kitanda. Akakata katoni, akaibandika kwa gundi. Mfuko ukachanika. Mkono wa baba ukanyooka.

"We! Mwache mjukuu wangu!" bibi alimkemea kutoka kwenye mkeka aliokalia pembeni.

Baba akaikalia mikono yake. Kidoti akafikiri, akaongeza katoni ya pili, akaufunga kwa kamba. Mfuko ulikaa upande, lakini haukuchanika.

Asubuhi bibi alipeleka mkono kwenye mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda hata kabla ya kufumbua macho. Akaikuta miwani.

"Asante, mama yangu! Bega langu limepumzika. Baba yako hakunyoosha mkono tena?"

"Hakugusa kabisa!" Kidoti alijibu kwa sauti kubwa. Akakimbilia karatasi, akachora mtu mwenye mdomo mpana.

Baba alichuchumaa kando yake. "Nisimulie."

"Ni bibi. Anasema asante. Asante yake ni ndefu, ndiyo maana mdomo umefika masikioni."

Fundi hakufuta kitu. Moyoni alimshukuru sana yule mwalimu, kisha akaibandika picha ile kwenye ukuta wa karakana, juu ya mabango yake yote.