Nani Atamsemea Douglas?

Ko, ko, ko! Kwato ziligonga mbao. Nyambura, msichana wa miaka kumi na miwili, alizisikia kabla hajafika langoni, akatabasamu. Kila Jumamosi farasi Douglas alimwita hivyo kutoka kwenye zizi la mtaa wao wa Thamesmead, jijini London. Lakini leo mlio huo ulifuatwa na mkoromo mzito.

Akakimbia. Farasi yule mkubwa wa kijivu, mrefu kuliko mlango wa nyumba yao, alikuwa amelala chini akitokwa jasho, akigeuka kulitazama tumbo lake.

"Amekula nini?" daktari wa mifugo aliyekuwa ameshaitwa aliuliza.

"Nyasi kavu tu, daktari," akajibu Bhavesh, mtunzaji wa zizi, mzee aliyezaliwa Nairobi.

Nyambura alijua si kweli. Jana, baada ya shule, alimlisha Douglas mfuko mzima wa maganda ya viazi na unga wa ugali, kama nyanya yake wa Nyeri anavyomlisha ng'ombe. Bango la langoni lilikataza kuwalisha farasi. Akisema, atafukuzwa.

Douglas akageuza jicho. Lilikuwa kubwa, jeusi, na ndani yake Nyambura alijiona mdogo kama punje ya mtama.  Akakumbuka kitabu cha kale ambacho Anko Bhavesh aliwasomea watoto wa zizini, ambamo farasi mwenyewe husimulia maisha yake. Mwandishi wake aliumia miguu akiwa msichana. Farasi walimbeba, naye, alipokuwa mgonjwa, akawasemea kwa kuandika kitabu hicho.

"Ni mimi!" akalia. "Nilimpa maganda ya viazi. Na unga!"

"Ala! Ulimdhania ng'ombe?" Bhavesh akafoka.

"Nyanya humpa ng'ombe wake, naye hucheua tu..."

"Farasi hacheui, mtoto wewe! Hata kutapika hawezi!"

Daktari hakungoja. Aliingiza bomba la mpira puani mwa Douglas hadi tumboni, akayatoa yaliyomsonga. Baada ya saa mbili, farasi alijikaza, akatetemeka, akainuka kama mlima unaoamka. 

"Nifukuze, Anko," Nyambura akanong'ona.

"Halafu nani atazoa mavi? Mwezi mzima, koleo ni lako." Bhavesh akamshika bega. "Kosa lako lilimwangusha, ukweli wako umemwinua. Mwenye mdomo akinyamaza, asiye nao huangamia."

Nyambura akaegemeza paji la uso wake kwenye shingo ile yenye joto.

"Douglas," akasema kwa sauti, mbele ya wote, "sitakulisha nisichokijua. Na nikikosea tena, nitasema kabla hujaugua."