Kipimo cha Nyakerario

— Mbona umetoka maabara kabla zamu yako haijafika?

— Tumbo, Nyake. Limenikamata ghafla. Wewe umepimwa?

— Nimepimwa. Tutaongea baadaye.

Nyakerario alimkatia simu mchumba wake, Dancun Obiero. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za chuo kimoja mjini Kisii, pamba bado ameibana kidoleni. Yeye na Dancun walikuwa wakisoma kozi ya sayansi ya msingi, ile inayowaandaa wanafunzi kabla ya kuingia uuguzi. Asubuhi hiyo walisoma urithi wa damu. Mwalimu wao, Madam Persis, alileta kipimo cha selimundu, ugonjwa unaofanya chembe za damu zipinde kama mundu na kuziba mishipa. Aliyetaka kupimwa alipimwa. Damu ya Nyakerario ilipochanganywa na dawa, ilibaki na ukungu, ishara ya selimundu.

Madam Persis akamwita kando.

— Usiogope. Wewe si mgonjwa, ni mbebaji tu: unao kwenye damu bila kuugua. Nenda hospitali wathibitishe. Jambo la kuangalia ni mwenzako. Akiwa mbebaji pia, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Hospitali ikathibitisha. Jioni akamwandikia Dancun: "Ni kweli, mimi ni mbebaji. Wewe ushawahi kupimwa?"

Jibu likaja upesi: "Nilipimwa nikiwa sekondari. Niko sawa kabisa."

"Samahani sana. Ukitaka kuniacha kabla wazee hawajakutana, nitaelewa."

"Siwezi kukuacha kwa sababu ya damu. Nitakuvumilia hivyo hivyo."

Nyakerario alilia kwa shukrani. Tangu hapo akajiona mtu mwenye dosari aliyehurumiwa. Dancun akichelewa, hakumuuliza. Akinuna, alijilaumu yeye.

Wazee walikuwa wakutane Jumapili kupanga ndoa nyumbani kwa kina Nyakerario, Gesima. Ijumaa, dada yake Dancun, Anyiko, akapiga simu kutoka kwao Homa Bay, kando ya ziwa.

— Shem, nisamehe. Jumapili sitakuja.

— Kwa nini tena? Mama amesema lazima akuone.

— Dancun amenikataza. Anasema baridi ya huko kwenu kwa majani chai itaniamshia mifupa, nianze kulia mbele ya watu.

— Mifupa yako ina nini?

— Si unajua hali yangu.

— Sijui, Anyiko. Niambie.

— Nina selimundu tangu utotoni. Kumbe hakukwambia?

— Na yeye Dancun?

— Nyumbani tulipimwa wote. Yeye ni mbebaji. Shem, nimeharibu?

— Hapana. Wewe hujaharibu kitu.

Nyakerario alimkuta Dancun kwenye kantini ya chuo, chai mbele yake. Hakuketi.

— Anyiko amenipigia. Kwa nini ulinidanganya?

Dancun alisukuma kikombe kando.

— Niliogopa. Msichana niliyekuwa naye kabla yako alimwona Anyiko akilia kwa maumivu, hakurudi tena.

— Uoga naujua. Nilikwambia yangu nikitetemeka. Ulikuwa na nafasi ya kusema "hata mimi". Ukaniacha nikuombe msamaha, na ukaupokea.

— Nilipanga kukwambia baada ya harusi.

— Nikiwa na mimba?

Dancun akakivuta tena kikombe.

— Na dada yako unamficha kama aibu.

— Nyake, wabebaji huoana. Hata Madam alisema. Kuna ushauri wa daktari, kuna kupima mtoto mapema.

— Huoana wakijua, wote wawili. Ungeniambia siku ile, leo tungekuwa tunamtafuta huyo daktari pamoja. Mwambie baba yako wasije Jumapili.

— Nipe wiki moja tu.

— Mpigie leo.

Jumapili asubuhi, Gesima, alimkuta mama yake, Tryphosa, akimenya ndizi za wageni. Nyakerario alikuwa ameshindwa kumwambia tangu afike.

— Mama, acha. Hawaji.

— Wamekukataa?

— Mimi ndiye nimekataa.

Akaketi akamweleza yote. Tryphosa alisikiliza, halafu akatikisa kichwa.

— Nilijua tu. Hao watu wa ziwani na damu yao.

— Mama, hata mimi ninayo. Imetoka kwako au kwa baba.

Tryphosa aliweka kisu chini.

— Na dada yako Gladys, anayeolewa Desemba?

— Naye apimwe. Na bwana yake.

— Basi kesho tutaenda wote. Hata mimi na baba yako.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa Dancun: "Nisamehe mpenzi. Nipe nafasi moja tu."

Nyakerario aliusoma mara mbili. Alikuwa bado anampenda, na hilo halikubadilisha jibu. Akaandika: "Nimekusamehe. Ndoa hakuna."

Kisha akampigia Anyiko.

— Shem? — Anyiko aliitika kwa woga.

— Usiniite shem tena. Niite Nyake. Mifupa leo inasemaje?

— Leo imetulia. Nilidhani hutanipigia tena.

Tryphosa, aliyekuwa amerudia ndizi zake, aliinua uso.

— Ndiye huyo dada mgonjwa?

— Ndiye, mama.

— Mwambie aje Januari, baridi ikipungua.