Kwisha Habari Yake

Mzee alikutwa amekufa saa nne na robo asubuhi, amelala kwa ubavu wa kushoto. Mto ndio ulioanza kuungua. Godoro likafuata, halafu pazia, na moshi ukamalizia kazi iliyobaki.

Inspekta alisimama mlangoni akakitazama chumba kwa utaratibu wake wa siku zote: dari, kuta, sakafu, maiti mwisho. Maiti haikimbii, ndivyo alivyozoea kuwaambia vijana wake. Dari ilikuwa nyeusi. Kutoka kwenye soketi ya umeme ulining'inia waya mwembamba wa chaji, umeyeyuka nusu.

Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi alikuwa amekwisha kunyanyua kwa koleo kitu kilichokuwa mwisho wa ule waya. Lilikuwa donge la plastiki lenye kipande cha antena.

"Skana," mtaalamu alisema. "Redio ya mkononi ya kunasia mawasiliano. Zimamoto, magari ya wagonjwa, hata sisi polisi."

"Alikuwa anatusikiliza sisi?" sajenti aliuliza. "Basi alikuwa na uvumilivu."

Hakuna aliyecheka, na sajenti hakutegemea mtu acheke. Alikuwa amefanya kazi na Inspekta miaka mitatu. Kituoni walimwita Inspekta Friji, kwa siri ambayo hata Friji mwenyewe aliijua. Hakuikasirikia. Yeye pia alishaona kwamba kuna mahali ndani yake palipoingia ganzi kama mguu uliokaliwa, ila mguu huzinduka.

"Betri ndiyo iliyowaka," mtaalamu aliendelea. "Hizi za lithiamu zikichoka hujaa gesi, zinavimba. Ukizidi kuzichaji, siku moja zinakujibu."

"Ajali, basi."

"Ingekuwa ajali ningekuwa nimeshakwenda kunywa chai." Akaligeuza donge. "Betri iliyovimba husukuma kifuniko cha nyuma, hakifungi. Hiki kilikuwa kimefungwa sawasawa moto ulipoanza. Tazama, kingo zimeyeyukiana."

"Maana yake?"

"Maana yake ni kazi yako. Mimi nakuambia kilivyo."

Jikoni alikaa mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mumewe alikufa katika ajali ya barabarani miezi kumi na moja nyuma. Tangu hapo nyumba ilibaki na watu watatu: mzee, mkwewe, na mjukuu wa miaka minne. Mwanamke alikuwa amewapikia polisi chai bila kuombwa. Inspekta alifungua raba nyeusi iliyofunga pakiti ya sukari, akachota kijiko kimoja, akaifunga tena.

"Pole, mama."

"Ahsante."

"Ulikuwa wapi moto ulipoanza?"

"Uani. Naanika nguo."

"Ulisikia nini?"

"Kitu kimepasuka. Halafu nikaona moshi."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama."

"Ulisimama?"

"Nilisimama, afande. Jirani ndiye aliyekuja na ndoo."

Inspekta aliandika hivyo hivyo. Wengi humwambia walikimbia, walipiga kelele, walivunja mlango uliokuwa wazi. Huyu wa kusimama alikuwa wa kwanza.

"Redio ilikuwa na hitilafu yoyote?"

"Mimi sijui mambo ya redio." Akatazama mlango. "Mwanangu yuko kwa jirani. Naweza kwenda kumchukua?"

"Bado kidogo."

Jirani alikuwa msusi, mikono inang'aa mafuta ya nywele, na mdomo wake haukuhitaji funguo.

"Mzee Masikio, ndivyo tulivyomwita. Ajali ikitokea, yeye anaijua kabla ya aliyegongwa! Lakini tangu mwanawe afariki, hakuiachia kabisa ile redio. Kila siku akishakunywa chai ya asubuhi, anajilaza, anaichomeka, anaiweka sikioni. Na mjukuu wake ubavuni. Babu na mjukuu walikuwa chanda na pete."

"Leo mjukuu hakuwa ubavuni."

"Leo alikuwa kwangu. Mama yake alimleta saa tatu."

"Huwa anamleta?"

Msusi aliacha kupangusa mikono. Kwa mara ya kwanza alitafuta neno.

"Hajawahi," akasema.

Redio ikiharibika mzee aliipeleka wapi? Kwa fundi simu wa mtaa wa pili. Watu walimwita Fundi Kesho, kwa sababu simu ya kila mtu kwake ingekuwa tayari kesho. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, na yeye mwenyewe aliujaza.

"Skana ya Mzee Masikio? Naijua sana. Betri yake ilikuwa na mimba ya miezi tisa, afande! Kifuniko hakifungi. Mzee wa watu akaikaza kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Nikamwambia, iache, naagiza nyingine, njoo kesho."

"Hiyo kesho uliisema lini?"

"Kama... miezi miwili hivi."

Sajenti alikohoa. Inspekta hakuinua macho.

"Nani mwingine aliwahi kuileta?"

"Mkwewe. Jumamosi hii iliyopita. Alisema mzee amelala. Akaniuliza, fundi, mtu akiitoboa kidogo, ule upepo si unatoka? Maana wako mafundi wababaishaji wanatoboa kwa sindano. Nikamwambia, thubutu! Mtu akiitoboa hii, kwisha habari yake!"

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Rudia."

"Mtu akiitoboa hii, kwisha habari yake."

"Habari ya nani?"

"Yake."

"Yake nani? Ya betri au ya mtu?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Ilionekana hajawahi kudaiwa maelezo ya misemo yake.

"Mimi nilimaanisha mtu, afande. Lakini na betri nayo inakwisha. Yaani wote wawili wanakwisha!"

"Na yeye alielewa ipi?"

"Hapo umeniacha. Alisema ahsante, akaichukua, akaenda zake."

Walirudi garini. Sajenti hakuwasha injini.

"Afande, neno moja hilo. Kama 'yake' ni ya betri, basi mama wa watu alitaka tu kuiua redio, ujinga ukamponza. Kwa kosa hilo mtu anaweza kurudi nyumbani kulea mwanawe. Kama 'yake' ni ya mtu, hayo ni mauaji ya kukusudia."

"Najua sheria."

"Na mtoto ameshapoteza baba na babu. Akipoteza na mama, anabaki na nani?"

Inspekta alifunga daftari lake. Alijua anapaswa kumhurumia yule mtoto, na aliitafuta ile huruma kama mtu anayepapasa mifuko. Badala yake alikuta akilini raba nyeusi, pana kama kidole kidogo, ambayo yeye mwenyewe aliifungua na kuifunga saa mbili zilizopita.

"Turudi kwenye ile sukari," alisema.

Jikoni hapakuwa pamebadilika kitu. Aliiweka pakiti mezani mbele ya mwanamke.

"Raba hii ilitoka wapi?"

Mwanamke aliitazama. Hakushtuka, wala hakujifanya ameshtuka.

"Kwenye redio."

"Nani aliitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Ilikuwa bado nzima," alisema. "Sukari inaingia sisimizi."

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na meza, viti vitatu na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari wa uchunguzi wa maiti alikwisha kupiga simu: masizi ndani ya njia ya hewa, maana yake mzee alikuwa hai moshi ulipomkuta. Inspekta alimsomea mwanamke onyo. Si lazima aseme chochote, na atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Mwanamke aliitikia kwa kichwa.

"Uliitoboa ile betri."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Leo asubuhi, kabla ya chai. Baba mkwe alikuwa bafuni. Redio ilikuwa imeisha chaji. Nilitumia pini. Ikatoa pumzi, harufu yake kama rangi ya kucha. Nikaziba kwa selotepu, nikarudisha kifuniko. Kikafunga."

"Na yeye?"

"Alifurahi. Akaigeuza, akaigeuza. Akaniambia, 'Mkwe wangu, umeitengeneza.' Akaenda kuichomeka."

Sajenti, aliyekaa pembeni, aliangalia viatu vyake.

"Fundi alikuambia mtu akiitoboa, kwisha habari yake," Inspekta alisema. "Ulielewa habari ya nani?"

Inspekta alijigundua anaishikilia kalamu juu ya karatasi bila haraka, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ya betri," mwanamke alisema.

Akaandika: *ya betri*. Angeweza kuishia hapo. Mstari mmoja, sahihi, gari la kumrudisha kwa mwanawe. Hapana mtu ambaye angemlaumu, na sajenti angemnunulia chakula cha mchana. Lakini miaka ishirini na sita ya kuuliza swali linalofuata humfanya mtu aulize swali linalofuata.

"Mtoto ulimpeleka kwa jirani saa tatu. Hujawahi kumpeleka. Kama betri ilikuwa inakwenda kuzimika tu, ulikuwa unamkinga na nini?"

Nje mtu aliburuta kiti koridoni.

"Futa," mwanamke alisema.

"Maelezo hayafutwi, mama."

"Basi ongeza. Niliwaelewa wote wawili. Betri na mtu."

Inspekta akaongeza.

"Ulitaka afe?"

"Sikutaka afe. Sikutaka asife. Afande, mimi sisikii kitu tangu msiba. Watu wanalia, mimi nawatazama. Moshi ulipotoka nilisimama pale uani nikingoja nisikie chochote, hata hofu. Haikuja. Ndoo ya jirani ikaja kwanza."

Inspekta aliielewa sentensi hiyo kuliko alivyopenda kuielewa.

"Redio ilikukosea nini?"

Mwanamke akanyoosha vidole juu ya meza, kisha akasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani.

"Mume wangu alibanwa ndani ya gari kwa muda mrefu. Mwokoaji mmoja alikuwa anaongea na wenzake redioni, na huku anamwambia mume wangu asilale, ahesabu kwa sauti. Akahesabu. Baba alikuwa nyumbani na skana yake. Akamsikia mwanawe. Ile redio hurekodi, afande. Ikarekodi yote."

"Akawa anairudia."

"Kila asubuhi baada ya chai. Moja, mbili, tatu. Anafika sitini na moja. Halafu yule mwokoaji anamwita, anamwita. Halafu hakuna kitu."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Niliificha mara mbili. Mara ya kwanza hakula siku tatu. Mara ya pili alinipigia magoti. Baba mkwe, mtu mzima, magotini mbele ya mke wa mwanawe! Nilikwenda kuitoa kwenye debe la unga nikampa. Nilitamani iharibike yenyewe, bila mkono wa mtu. Haikuharibika, ikawa inavimba tu."

"Ungemwomba asikilize peke yake."

"Nilimwomba. Alisema mtoto lazima aijue sauti ya baba yake."

Inspekta aligeuza ukurasa. "Miezi kumi na moja umevumilia. Kwa nini Jumamosi ndiyo ulikwenda kwa fundi?"

"Kwa sababu ya Ijumaa."

"Ijumaa kulitokea nini?"

"Nilikuwa nachambua maharage. Mwanangu akakaa kando yangu, akawa anazivuta punje kwa kidole, moja moja, anahesabu. Nilishangaa. Sijawahi kumfundisha, shule hajaanza. Hakosei hata moja. Nikafurahi, afande. Nilisikia furaha, kweli kabisa, ya kwanza tangu msiba. Arobaini, hamsini, sitini. Sitini na moja. Akaacha. Punje zilikuwa bado nyingi kwenye ungo. Nikamwambia, endelea, mwanangu. Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua. Akasema, 'Mama, namba zimekwisha.'"

Sajenti aliinuka, akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Inspekta aliandika mpaka mwisho. Kisha akamsomea mwanamke maelezo yake yote, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka, na alipofika kwenye namba alizisoma. Mahali pamoja aliruka neno, akaanza tena sentensi ile kutoka mwanzo.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi." Akachukua kalamu, akatia sahihi, akabaki ameishika. "Afande, huyo atakayemchukua mwanangu."

"Ndiyo."

"Mwambieni aanzie sitini na mbili."

Inspekta alichukua karatasi nyingine na kuliandika hilo peke yake, kisha akaenda kumtafuta sajenti ampelekee msusi.